NDB zizimwe, lakini VOR ziacheni

Kila zinapotoka taratibu mpya za kuongoza ndege kwa setilaiti, swali langu la kwanza ni hili: ndege ya zamani itapita wapi? Niko Mwanza, kazi yangu ni redio na vyombo vya ndege ndogo, na nyingi ninazozishika zilitoka kiwandani kabla ya 1995, mwaka ambao mfumo wa GPS ulitangazwa kukamilika. Zimetunzwa vizuri na zina kazi ya kufanya kwenye visiwa na viwanja vya changarawe ambako ndege kubwa haiwezi kukanyaga.

Zamani njia ya angani ilichorwa kutoka kituo hadi kituo. Rubani anafungua VOR, yaani redio ya kituo cha ardhini kinachompa mwelekeo, anafuata mshale, akifika juu ya kituo anageuka kuelekea kingine. Siku hizi njia inachorwa kwa pointi zenye majina ya herufi tano, na chini ya pointi hizo hakuna mtambo wowote, pengine ni maji matupu ya ziwa. Kompyuta ya ndege inazijua kwa latitudo na longitudo basi. Safari zinakuwa fupi, mafuta yanaokolewa, na uwanja ambao haujawahi kuwa na mtambo wa redio unaweza kupata utaratibu wa kutua kwa vyombo. Kwa viwanja vidogo vya ukanda huu hiyo ni neema kubwa, sina ubishi nayo.

Ugumu unaanzia kwenye fomu ya mpango wa safari. Katika kisanduku cha 10 rubani anaandika vifaa alivyonavyo kwa herufi: O ni VOR, D ni DME (kipimo cha umbali hadi kituo), F ni ADF (chombo ambacho mshale wake huelekea kituo cha redio cha aina ya zamani, NDB), G ni kipokezi cha setilaiti, R ni kwamba ndege imeidhinishwa kwa taratibu hizi mpya. Kwa hiyo ndege isiyo na G wala R inajulikana kabla haijawasha injini. Hata hivyo ikishafika angani, ikiwa katikati ya nyingine zinazofuatana, inaambiwa iende moja kwa moja kwenye pointi fulani. Rubani anatakiwa ajibu kwamba hawezi kwa sababu ya vifaa. Jibu hilo limo kwenye kanuni na ni halali kabisa. Wapo wanaolitoa kwa sauti ya aibu, na wapo wasiolitoa kabisa: wanachungulia kishikwambi kilichobanwa kwenye usukani na kuelekea huko.

Hilo linaniudhi kuliko yote. Kishikwambi kinakuonyesha ulipo, lakini hakijaidhinishwa kukuongoza ndani ya mawingu. Setilaiti nne zinatosha kukupa mahali na kimo. Ili kifaa kigundue kwamba mojawapo inatoa taarifa ya uongo, kinahitaji tano. Kipokezi kilichoidhinishwa kinajipima hivyo muda wote na kumwonya rubani kikishindwa, na data zake za njia na viwanja huhuishwa kwa mzunguko wa siku 28. Kishikwambi kitaendelea kuchora kindege kizuri juu ya ramani hata kama mahali penyewe si pale. Najua kipokezi halali ni ghali, ukijumlisha antena, nyaya, kionyeshi na makaratasi ya kuidhinishwa. Bado nawaambia wenye ndege: kama huna uwezo wa kukifunga, usiingie mawinguni kwa kishikwambi.

Sasa kuhusu mitambo ya ardhini. Kuna wazee wa kazi wanaotaka yote ibaki, na kwa NDB sikubaliani nao. Ziwa Victoria ni mahali pabaya sana kwa chombo kile. Usiku nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, upepo unavuma kuelekea ziwani na mawingu yanapanda. Ndiyo maana radi za ziwani zinatawala usiku wa manane na alfajiri. ADF haibagui. Nimekaa kiti cha kulia tukijaribu redio, wingu liko upande wa Ukerewe na kituo kiko nyuma yetu: radi ikipiga mshale unaruka kuelekea wingu, unarudi, ikipiga tena unaruka tena. Ongeza kwamba mawimbi yale yanapinda yakivuka ukingo wa maji na nchi kavu, hasa yakiuvuka kwa mshazari, kwa hiyo hata bila radi usomaji unaweza kupotoka. Mitambo hiyo ikifa, tuiage.

VOR na DME ni habari nyingine. Radi haziziyumbishi namna hiyo, na ndege ya miaka ya sabini inazisoma sawasawa na ya jana. Zaidi ya hapo, setilaiti zenyewe zinaweza kuzibwa. Mwezi Aprili 2024 shirika la Finnair lilisitisha safari za Tartu, mji wa Estonia, kwa mwezi mzima, kwa sababu taratibu za kutua pale zilitegemea GPS na mawimbi yake yalikuwa yanavurugwa. Ilibidi kwanza uwekwe utaratibu mwingine usiohitaji GPS ndipo warudi. Tartu ni uwanja mdogo, wa kiwango cha viwanja vyetu vya mikoani. Marekani, wenye GPS yenyewe, wamepunguza VOR zao lakini wamebakiza mtandao maalumu ili ndege iliyopoteza setilaiti ipate uwanja wa kutua ndani ya maili 100 za baharini. Wao wanaogopa, sisi tunajiamini kwa lipi?

Ninachoomba kwa wanaochora taratibu ni kwamba kila njia mpya inayoingia au kutoka Mwanza iwe na maandishi ya wazi kuhusu ndege isiyo na G: ipite wapi, kimo gani, nani aipe mwelekeo. Rada ipo Mwanza. Mwongoza ndege anaweza kumpa rubani nyuzi za dira za kufuata mpaka auone uwanja, mradi jambo hilo liwe limepangwa na kufanyiwa mazoezi, lisiwe hisani ya aliyeko zamu.

Na kubakiza VOR maana yake ni bajeti. Inataka vipuri, jenereta inayowaka umeme ukikatika, na ndege ya ukaguzi ije kuipima kwa ratiba. VOR ambayo haijapimwa hutangazwa kuwa haitumiki, hata kama inarusha mawimbi safi, na kwa rubani aliye juu ya ziwa saa tisa usiku ni sawa na haipo.