Asilimia 5 waliyokukata haijamaliza maneno

Kila mwaka Juni ikikaribia kuisha, siku za mwisho za kujaza ritani za kodi hapa Kenya, foleni ya saiba ya hapa mtaani inatoka mpaka nje, na kijana wa kompyuta anauliza swali moja tu, "Nil?", yaani hukuingiza kitu mwaka mzima? Mtu anatikisa kichwa kukubali, analipa, anaenda zake. Na wengi wao nawajua, huyu anachora logo, yule anapiga picha za harusi wikendi, nil gani hiyo jamani.

Shida naona inaanzia kwa ile asilimia 5. Ukifanyia kampuni kazi ya kitaalamu ya shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi wanakata asilimia 5 wanapelekea KRA, wale wa kodi, basi mtu anadhani wamemalizana. Wapi! Hiyo ni ya kutangulia tu. Chukua mtu ameajiriwa kwa mshahara wa 60,000 na pembeni anaingiza 30,000. Hiyo ya pembeni inawekwa juu ya mshahara, inaangukia kwa asilimia 30, yaani 9,000. Walikata 1,500, zimebaki 7,500 kila mwezi, na kama hukujipanga Juni inakukuta na deni la 90,000 kabla ya kutoa gharama, na pesa yenyewe ilishaliwa kitambo.

Wanaosema mwenye kazi ya pembeni naye alipe kodi hawajakosea. Mwalimu anakatwa kabla hata hajaiona pesa, hakuna anayemuuliza, sasa wewe wa kazi mbili uachwe kwa nini? Hapo sina jibu.

Ila mwalimu mshahara unaingia mwisho wa mwezi, wewe bando ni lako, umeme wako, laptop yako, na mteja analipa siku akijisikia. Sheria inakubali utoe gharama, lakini tangu 2024 wanataka risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, na yule fundi wa kibandani aliyekurekebishia chaja utamwambiaje akupe eTIMS? Halafu mwenye duka la mauzo ya milioni 1 mpaka 25 kwa mwaka anaweza kulipa asilimia 3 ya mauzo yakaisha, mlango ambao kazi ya kitaalamu imefungiwa. Hiyo ndiyo inaniuma.

Bado nasema tangaza, na si kwa uzalendo sana. Cheti cha ile asilimia 5 kimekaa iTax, mtandao wa KRA, na PIN yako ya kodi juu yake, sasa ukijaza nil unabishana na karatasi yako mwenyewe. Mwaka jana nilimwambia kijana wa saiba nina vyeti vinne, akanisogezea kiti. "Wewe kaa hapo kwanza, wacha hawa wa nil wapite."