Kujifunza kwa makundi katika masomo ya afya: nani ananufaika?

Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilianza kuwafundisha wanafunzi wa udaktari katika makundi madogo, wakipewa kwanza kisa cha mgonjwa na kutafuta nadharia baadaye. Njia hiyo na nyingine za jamii yake zimeenea hadi kwenye uuguzi na famasia, na waliozipitia wamegawanyika: wapo wanaosema hapo ndipo walipoanza kuelewa, na wapo wanaolalamika kwamba walipoteza saa nyingi wakifundishana makosa.

Kila upande una hoja. Chukua kisa cha mgonjwa aliyekohoa kwa wiki 3, anayetokwa na jasho usiku na kupungua uzito. Mwanafunzi mwenye sauti kubwa anatamka "kifua kikuu" kabla karatasi haijawafikia wote, na wenzake 7 wanaandika. Mwezeshaji makini hapo huuliza ni nini kingine kinachoweza kuleta dalili hizo. Ndipo aliyekuwa kimya anataja saratani ya mapafu, na mwingine anataka kujua kama mgonjwa ana kisukari au VVU, hali zinazomweka mtu katika hatari zaidi ya kuugua kifua kikuu. Dakika 10 za namna hiyo hukaa kichwani, kwa sababu kila mmoja amelazimika kutetea wazo lake kwa maneno yake mwenyewe. Kundi lililoachwa lijiendeshe huishia kwenye jibu la kwanza, ambalo huenda ni sahihi, lakini waliolinakili hawajui limefikiwaje.

Lalamiko zito zaidi linahusu alama. Aliyekesha akisoma na aliyetegea kazi wanapopewa alama moja, dhuluma hiyo ni ya kweli, na sioni haki ya kuiita wivu. Njia aliyoibuni Larry Michaelsen nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 inalijibu kwa sehemu: kila mwanafunzi hufanya jaribio fupi peke yake, kisha kundi hulifanya lilelile kwa pamoja, na baadaye wanakundi hupima mchango wa kila mwenzao. Hata hivyo marafiki hulindana, na mpole huhesabiwa mvivu.

Watetezi hukumbusha kwamba hospitalini hakuna anayefanya kazi peke yake, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2010 likihimiza wanafunzi wa fani mbalimbali za afya wajifunze pamoja. Nakubaliana nao, ila wodini kila jukumu lina mwenyewe: anayemchoma mgonjwa sindano anajua kwamba kuhakiki jina na kipimo cha dawa ni juu yake. Makundi mengi ya darasani hayana mgawanyo huo, ndiyo maana hayamwandai mtu kwa kazi ya wodini kama inavyodaiwa. Chuo chenye mwezeshaji mmoja kwa makundi 6 ni afadhali kipunguze vikao hivyo na kuvisimamia ipasavyo, kuliko kuvifanya kila siku huku mwezeshaji akichungulia mlangoni tu kuuliza kama wamemaliza.