Diski ya Saba

Mpwa wangu alikuwa anatafuta chaja kabatini, akaibuka na kasha la DVD za Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya runinga ya Marekani ya safari za anga za mbali, msimu wa 3. Akalitikisa sikioni kama mtu anayetaka kujua kiberiti kimebaki na njiti ngapi.

"Mjomba, hii ni nini?"

Nikampokonya taratibu. Nikamweleza: diski 7, sehemu 26, zilirushwa Marekani kuanzia 1989 hadi 1990, kasha lenyewe lilitoka 2002. Nikaongeza kwamba niliwahi kuuangalia msimu wote mara moja tu, lakini naukumbuka kama jina langu, kwa hiyo popote atakapokwama aniulize mimi.

Kauli hiyo ya mwisho iwekeni pembeni, tutarudi kuichukua.

Lakini kabla ya yote niseme kwamba mimi na diski tuna historia. Zamani nilikuwa na kompyuta iliyozoea DVD za Marekani, nikaitilia ya Uingereza. Anayezijua atakumbuka kwamba diski hizi zina namba za kanda, yaani eneo la dunia zinakouzwa: Marekani na Kanada ni 1, Ulaya magharibi na Japani ni 2, na kisomaji cha kompyuta kinakuruhusu kubadili kanda mara 5 tu, basi, kinajifunga hapo kilipo. Kompyuta ilinionya kila mara, tena ikaniandikia zimebaki ngapi. Mimi nikamaliza zote 5 kwa siku moja, nikitaka kuona kama onyo lile ni la kweli. Ni la kweli. Tangu siku hiyo mke wangu akiniona na bisibisi huuliza, "Zimebaki ngapi?"

Safari hii tulitumia deki ya sebuleni, isiyo na makuu na kanda za mtu. Nikajua niko salama.

Diski za kwanza mpwa wangu alizicheka. Nahodha Picard kila akiinuka kitini lazima alivute koti lake chini, kwa mikono miwili, kama mtoto aliyevalishwa nguo ya kaka yake. "Mbona halimtoshi?" Hapo nikatamba. Nikamwambia misimu miwili ya mwanzo walivaa suti za kipande kimoja za kubana, za mpira mpira, ambazo waigizaji walizilalamikia kwelikweli. Msimu wa 3 ndio wakashonewa vipande viwili, na koti la vipande viwili ukikaa linapanda. Akaniangalia kwa heshima. Mjomba anajua mambo!

Kufika diski ya nne hacheki tena. Ilikuwa ile sehemu ambayo chombo cha zamani kinachomoza kutoka kwenye ufa wa wakati, na papo hapo dunia yote inageuka ya vita bila mtu kushtuka. Anayeshtuka ni Guinan peke yake, yule aliyeigizwa na Whoopi Goldberg, anayehisi tu kwamba hapa kuna kitu hakiko sawa, ila ukimbana aseme ni nini, hana. Mpwa wangu alimpenda sana Guinan. Nashuku ndipo alipojifunza kuniangalia vile alivyokuja kuniangalia usiku wa diski ya saba.

Diski ya saba ina sehemu mbili tu, ya 25 na ya 26, halafu mahojiano ya kujazia. Tulikuwa katikati ya ile ya 25, picha ikapasuka vipande vipande vya mraba. Uso wa daktari ukawa ukuta wa vigae, sauti ikaanza kukata kwikwi. Nikaichomoa diski, nikaipulizia pumzi, nikaifuta kwa pindo la fulana, nikairudisha. Ikapiga safi.

"Umewezaje, mjomba?"

"Uzoefu," nikasema. Ilikuwa alama ya kidole tu. Changu.

Sehemu ya 26 ikaanza. Ndio ile ya Borg, viumbe nusu mtu nusu mashine, wanaokuja na mchemraba wao mkubwa angani, wanamteka nahodha, wanamchomeka vyuma, wanamrudisha kwenye skrini akiwa si yeye tena, na kijitaa chekundu kinamulika kutoka ubavuni mwa kichwa. Mpwa wangu alikuwa ameutafuna mto wa kochi. Mzinga mpya umeshaandaliwa, tumaini la mwisho. Riker, msaidizi wake nahodha, inabidi achague. Muziki unapanda. Kamera inamsogelea usoni. Anamwamuru Worf, ofisa wa silaha, apige.

Giza.

"Imekwama tena!" Niliruka kama kipa. Nilibonyeza kitufe cha kutoa diski kabla hata muziki haujatua.

"Mjomba, mbona kama kulikuwa na maandishi yanataka kuja?"

"Hayo ni maandishi ya hitilafu."

Ndipo akaniangalia kwa lile jicho la Guinan.

Nikafuta kwa fulana. Nikairudisha, nikaruka moja kwa moja hadi mwisho. Riker, muziki, uso, amri, giza. Nikachomoa. Nikafuta kwa kitambaa cha miwani. Riker, muziki, uso, amri, giza. Nikachomoa, tena sasa nilikuwa na kasi kiasi kwamba yale maandishi hayakupata hata nafasi ya kupumua. Nikaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Giza palepale. Mtu mwingine angejiuliza mbona uchafu huu una nidhamu hivi, haukosei hata nusu sekunde. Mimi nilijiambia: mkwaruzo mkaidi.

Nikaenda bafuni kuchukua dawa ya meno.

Niliwahi kusikia kwamba dawa ya meno husugua mikwaruzo ikaisha. Nikakamua kiasi cha punje ya harage, nikaanza kuzungusha kwa kidole, mviringo, mviringo, kama mtu anayeosha sahani yenye ukoko. Povu jeupe likatanda. Chini ya povu nilisikia kisauti chembamba, krsss, krsss, nikakitafsiri kuwa ni mkwaruzo unatoka. Nilisugua dakika kumi nzima. Nilipoisuuza na kuiinua kwenye taa, ile rangi ya upinde wa mvua ilikuwa imetoweka, imebaki ukungu, mfano wa kioo cha bafu baada ya mtu kuoga.

Deki iliimeza. Ikanguruma. Ikanguruma tena, sauti ya mtu anayetafuta neno. Kisha ikaandika kwamba hakuna diski.

Nikampigia shemeji yangu, baba yake huyu binti, maana mambo haya tuliambukizwa naye. Nikaweka spika.

"Shemeji, diski ya saba imekufa. Ilikuwa inakwama, nimejaribu kuisafisha."

"Inakwama wapi?"

"Mwisho kabisa. Riker akishasema wapige."

Kimya. Nilidhani simu imekata.

"Shemeji."

"Naam."

"Msimu unaishia hapo."

Akanieleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake habari ya msiba. Sehemu hiyo ilirushwa tarehe 18 Juni 1990, ikamwacha Riker na amri yake mdomoni, na jibu likaja tarehe 24 Septemba, msimu wa 4 ulipofunguliwa. Siku 98 watu walikaa roho juu. Mimi sikuzikaa hizo siku. Yeye mwenyewe aliniazima misimu yote miwili pamoja, nikapitiliza usiku huohuo bila kwenda hata msalani, na kichwani mwangu ikabaki hadithi moja isiyo na mshono.

"Na umeisafisha kwa nini?"

Nikamwambia. Akauliza nilisugua kwa kuzunguka au kwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Nikamwambia kwa kuzunguka. Nikamsikia anavuta kiti. Nikapewa darasa: taarifa za diski zimepangwa kwa mstari mmoja uliojiviringa kutoka katikati kwenda nje, mkwaruzo unaoukata mstari huo, deki hujaziajazia ikapita, lakini unaofuatana nao hufuta mfululizo mrefu na deki haina pa kushika. Ndiyo maana hufutwa kutoka katikati kwenda nje. Na taarifa zenyewe wala hazipo juu, zimelala katikati ya tabaka mbili za plastiki. Nilichofanya ni kulitia mtoto wa jicho dirisha la kuzisomea.

"Kwa hiyo ilikuwa nzima?" mpwa wangu akauliza.

"Nzima kabisa, mwanangu."

Binti hakunitazama. Akaisogelea simu.

"Baba, na ule mzinga? Walipiga?"

"Walipiga. Haukufanya kitu."

Msimu wa 4 uliletwa kesho yake. Diski ya kwanza aliiweka yeye, ameishika kwa ukingo kwa vidole viwili, rimoti ameikalia. Mimi nilielekezwa kochi la mbali. Ile ya saba bado imo kwenye kasha lake, na ukilifungua inanukia mnanaa.