Reli au Mabasi: Abiria wa Dar es Salaam Anauliza la Pili Linakuja Lini

Asubuhi moja ya masika nilikuwa nimesimama ndani ya Coaster iliyojaa, shingo nimeikunja kwa sababu dari la gari lile halikumkusudia mtu wa urefu wangu, nasi tumezuiwa kwenye kivuko cha reli pale Buguruni kwa Mnyamani. Mshika bendera alikuwa amekwisha kusimama katikati ya barabara, na bodaboda zimesongamana mbele yake, kila moja ikitafuta mwanya wa kupenya. Ikapita treni ya abiria wa mjini, ile ambayo watu wa rika langu bado tunaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa mwaka 2012 ilipoanza, ikielekea Stesheni taratibu huku watu wakining'inia milangoni. Konda wetu akaitazama, akasema, "Wale wanawahi kazini, sisi ndio tunawasindikiza." Abiria wakacheka, isipokuwa mama mmoja aliyekuwa amepakata ndoo tupu, anawahi samaki Feri.

"Mwanangu, hilo la pili linapita saa ngapi?" aliuliza.

"Mpaka hili lifike Stesheni, lishushe, ligeuze, mama. Hapo utakuwa umeshauza na kurudi."

Nimelikumbuka swali la yule mama mara nyingi tangu mwaka 2024, treni ya umeme ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ilipoanza kubeba abiria hadi Morogoro na kisha Dodoma. Kila aliyeipanda alirudi na hoja ileile, kwamba sasa tuachane na mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake maalumu, na madaraja ya juu, tutandike reli mpaka Mbezi, Bunju na Mbagala, foleni iishe. Naielewa furaha hiyo, kwa kuwa nami nimeipanda na sikuwa na la kulalamikia. Hata hivyo, kwa safari za ndani ya jiji lenye watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, naona fedha itakayopatikana mwanzo iende kwenye mabasi yenye njia yake yenyewe, na iende kwanza kwenye idadi ya mabasi hayo kabla ya zege jipya.

Tuanze na reli tulizonazo, maana wengi husema "reli ipo, itumike tu." Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Haikujengwa ili mtu wa Tabata awahi Posta. Ilijengwa kuteremsha mali ya bara bandarini. TAZARA nayo, reli ya Tanzania na Zambia yenye kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976 ikiwa na shughuli kubwa ya kuipatia shaba ya Zambia njia ya baharini. Zote mbili zinapita mjini kwa sababu bandari iko mjini, basi. Jiji limekua kuelekea Mbezi, Goba, Bunju, Chanika na Kigamboni, na sehemu kubwa ya wakazi hao wakitaka kuifikia stesheni yoyote ya treni ya mjini watahitaji daladala kwanza.

Tena ni njia moja. Neno hilo dogo ndilo linaloamua mambo, ingawa silisikii likitajwa katika mabishano haya. Kwenye njia moja, treni inayokwenda na inayorudi haziwezi kupishana ila mahali palipowekwa njia ya pembeni ambapo moja itaingia na kungoja nyingine ipite. Kwa hiyo hata ukinunua vichwa vya treni ishirini leo, huwezi kuviachia vifuatane vikienda na kurudi kama daladala za Gongo la Mboto. Tuchukue mfano wa hesabu tu: treni ya mabehewa kumi, kila behewa watu 150 pamoja na waliosimama, ni watu 1,500, na ikipita moja kwa saa, hao ndio abiria wako wa saa hiyo. Basi refu la mwendokasi, lile lenye kiungo katikati, tuseme linabeba watu 140. Likipita moja kila dakika, unapata watu 8,400 kwa saa hiyohiyo. Ukijenga njia mbili mbili, ukaondoa vivuko vyote vya barabara na kupitisha treni kila baada ya dakika tatu, treni itayashinda mabasi mbali sana, wala sibishi. Lakini hapo hatuzungumzii tena kuitumia reli iliyopo, tunazungumzia reli mpya ndani ya jiji lililokwisha kujengeka, pamoja na fidia, nguzo na umeme wake.

Na vivuko hivyo si jambo dogo. Treni ikipita Mnyamani, inasimamisha barabara nzima. Ukiongeza treni bila kuinua reli au barabara, unampa nafuu abiria wa behewani kwa kumcheleweshea yule wa Coaster aliye mbele ya mshika bendera. SGR imelikwepa tatizo hilo kwa kuinuliwa juu ya nguzo inapokatiza mjini, na kwa kazi iliyokusudiwa inastahili sifa: anayekwenda Dodoma, umbali wa kilomita 450 na ushee, hana haja tena ya kuamka saa tisa usiku kuwahi basi. Ila ukitoka stesheni yake ya mjini, inayofuata ni Pugu. Watu wa Vingunguti na Ukonga wanaisikia ikipita.

Upande wa pili kuna mwendokasi, na hapa inabidi nijibu hoja iliyo nzito kuliko zote, kwamba tumeujaribu na umetushinda. Awamu ya kwanza, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Waliosafiri miezi ile ya mwanzo wanakumbuka maajabu yake: mtu aliyezoea kukaa saa mbili kati ya Kimara na Posta alifika kwa muda usiotimia saa moja, akatazama saa yake mara mbili. Mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Kisha vituo vikaanza kufurika. Mradi ulianza na mabasi 140 ilhali mahitaji yaliyopangwa yalikuwa 305. Mabasi mengine 70 yaliyoagizwa yalikwama bandarini kwa muda mrefu kwa mvutano wa kodi. Na karakana ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, mahali ambapo hata mtoto wa Magomeni angekwambia kuwa maji huja kila masika. Maji yakaja, mabasi yakaharibika, na kila barabara ilipofungwa huduma ikasimama nayo. Katika Barabara ya Kilwa tulifanya kinyume: njia maalumu za Mbagala zilikamilika, zikakaa bila mabasi hadi 2025, huku bodaboda na bajaji zikijimilikisha zege lile.

Tazama orodha hiyo kwa makini. Hakuna hata kimoja humo kinachotokana na gari kuwa na matairi ya mpira. Ni ununuzi, matengenezo, kodi na mahali pa kuegesha, na yote hayo yangeikuta treni vilevile. Addis Ababa walifungua treni yao ya umeme ya mjini mwaka 2015, yenye kilomita zipatazo 34 na treni 41. Baada ya miaka michache nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Basi moja likiharibika Magomeni, lililo nyuma linaweza kulizunguka palipo na nafasi ya kupita, na abiria wake wakahamia la tatu. Treni ikiharibika kwenye njia moja, hakuna wa kupita mpaka ivutwe.

Kuhusu barabara pana na madaraja ya juu sitachukua muda mrefu. Daraja la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa 2018 na lile la Kijazi pale Ubungo 2021, na makutano hayo mawili yalipumua kweli. Lakini anayevuka Mfugale kwa kasi asubuhi hujikuta amesimama mbele kidogo, kwa sababu magari yaleyale yanakwenda Kariakoo na Posta zilezile ambazo hazikupanuka. Wenzetu wa Nairobi waliipanua Barabara ya Thika kufikia 2012, wakajenga barabara ya juu ya kulipia yenye kilomita 27 iliyofunguliwa 2022, na aliye ndani ya matatu chini ya nguzo zake bado anahesabu nguzo.

Kinachoniudhi zaidi ni mambo ya bei nafuu tunayoyaruka. Simama kwenye makutano ya Magomeni saa kumi na mbili jioni. Taa za kuongozea magari zipo, ila mara nyingi askari wa trafiki ndiye anayeamua, na huvuta upande mmoja wa magari madogo kwa dakika nyingi mfululizo, huku mabasi mawili ya mwendokasi yenye watu karibu 300 yakingoja ndani ya njia yao tupu. Ndani ya magari hayo anayoyaruhusu, mengi yana mtu mmoja na kiyoyozi. Kuzifanya taa zilitambue basi linalokuja na kulifungulia njia hakuhitaji mkopo wa miaka thelathini. Hakuhitaji pia kubomoa nyumba ya mtu, ingawa kutahitaji trafiki akubali kukaa kivulini, na hilo sijui nani atalipatia ufumbuzi.

Jingine ni mabasi ya mlisho, yanayomtoa mtu mtaani na kumleta kituo kikuu. Pasipo hayo, abiria wa Goba au Mbezi ya ndani hulipa bodaboda asubuhi na jioni, akipiga hesabu anaona heri anunue gari la mkopo, na hapo tumeshaongeza gari moja kwenye foleni. Treni ya mjini iendayo Pugu kwa reli ya zamani ingefaa kupewa heshima hiyo pia: mabasi yanayoisubiri stesheni kwa saa inayojulikana yatoke Chanika na Majohe, na njia za kupishana ziongezwe pale nafasi ya reli inaporuhusu, ili muda kati ya treni moja na nyingine upungue. Hiyo ni kazi inayoifaa reli yetu kwa sasa, kubeba wa mbali kwa saa maalumu, siyo kumhudumia mtu anayeshuka vituo vitatu mbele.

Jiji letu lina desturi inayoitwa kugeuza na gari: abiria wa jioni Kariakoo hutembea kinyume na anakokwenda, akapanda daladala inayokuja mjini, akalipa nauli mara mbili ili apate kiti wakati wa kurudi. Watu hao hawana fedha za kuchezea. Wananunua uhakika wa kuondoka, na kiasi hicho cha ziada kinalipwa kila jioni bila waziri wala mhandisi kukiandika popote.

Pale Mnyamani, treni ilipokwisha kupita, mshika bendera alikunja bendera yake lakini hatukwenda popote, kwa kuwa bodaboda za pande mbili zilikuwa zimekutana katikati ya reli na hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Yule mama alimpa konda nauli yake, akashuka na ndoo, akavuka mataruma kwa miguu. Ng'ambo ya pili palikuwa na daladala imeshageuza, konda wake anagonga bodi. Alipanda hiyo, ikaondoka, sisi tukiwa palepale.