Shemeji Ametupongeza kwa Amani

Jana usiku shemeji yangu wa Texas alipiga simu kutupongeza. Nikadhani kuna mtoto wa ukoo amefaulu mtihani na mimi sijaambiwa. Kumbe anatupongeza kwa amani. "Hongereni sana, Prof! Rais wetu Trump huku amemaliza vita yenu. Nimemsikia kwa masikio yangu. Vita nane amezimaliza, na ya kwenu imo!" Anasema "rais wetu" na karatasi zake mwenyewe bado ziko kwa mwanasheria. Nikamshukuru, maana shemeji anayetuma pesa hajibiwi ovyo. Ndipo akateremka kwenye habari yenyewe: kwa kuwa vita imeisha, ule msaada wa mwisho wa mwezi ataupumzisha kidogo, gari lake linasumbua, nasi sasa tujitegemee kama watu wengine wenye amani.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, mtu wa heshima zake hapa Goma, mashariki ya Kongo, sipigi kelele kwenye simu. Nilimuuliza tu kwa upole wa kielimu, hiyo amani itatua wapi, maana uwanja wetu wa ndege umefungwa tangu Januari 2025? Akasema mtandao unakatika. Mtandao wa Texas!

Karatasi zipo, sikatai. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini Washington, Marco Rubio akiwa nao. Tarehe 4 Desemba wakaitwa marais wenyewe, Tshisekedi wetu na Kagame wa Rwanda, ndani ya ile Taasisi ya Amani ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imebandikwa jina la Donald Trump ukutani. Ruto wa Kenya alikuwepo, Ndayishimiye wa Burundi alikuwepo, ungedhani ni harusi. Trump, mwenye nyumba, akasema hawa wameuana muda mrefu, sasa watakumbatiana na kushikana mikono. Tulikodoa macho kwenye simu ya jirani mpaka chaji ikaisha, huo mkono hatukuuona. Na wenye bunduki, wale wanaonipangia saa ya kulala, hawakuwa kwenye meza hiyo. Wao meza yao iko Doha, kule Qatar. Kwa hiyo vita yetu ina meza mbili, na mimi nyumbani sina hata moja, niliiuza.

(Wenye mji wa sasa siwataji. Tunapishana kwa salamu, inatosha.)

Basi asubuhi mama watoto akanikumbusha kwamba makala, yaani mkaa wa kupikia, yameisha, na kwamba amani ya shemeji haiivishi maharage. Ndani nilikuwa na noti moja ya dola ishirini, niliyolipwa na mzazi mmoja kwa kumfundisha kijana wake jioni. Nikaipiga pasi kwa kiganja, nikavaa koti, nikateremka mtaa wa Birere kwa mama kambisti, mbadilisha fedha.

Mama kambisti mnamjua, kila kona yupo: mwavuli, kimeza, mafungu ya franga yamefungwa mpira, kikokotoo ambacho namba sita haiwaki. Akaipokea noti yangu kwa vidole viwili. Akaiinua juani. Akaigeuza. Akaipitisha ukucha kwenye pembe zote nne, polepole, kama daktari anayetafuta ubavu uliovunjika. Halafu akanirudishia.

"Mwalimu, hii ina kidonda."

"Kidonda wapi, mama?"

"Hapa juu. Kimeteremka mpaka kwenye nywele za mzee."

Nikaitazama. Mzee wa noti ya ishirini ni Andrew Jackson, rais wao wa saba, naye ana nywele nyingi zimesimama, hata kidonda kinajificha humo. Kwa kweli kulikuwa na mchaniko, wa urefu wa punje ya mchele. Nikamwambia, "Mama, hii si kidonda, ni mkwaruzo." Akasema, "Mkwaruzo wa leo ni kidonda cha kesho." Kijana wa pikipiki aliyesimama nyuma yangu akachungulia akauliza, "Kwani marais wa Marekani wote nywele zao zina shida?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa kwenye mazungumzo.

Nikaleta hoja ya kitaalamu. Nikamweleza kwamba Marekani kwenyewe, noti ikichanika na kubaki zaidi ya nusu, serikali yao inaipokea na kukupa nzima. Akanisikiliza vizuri sana, mama mwenye adabu. Akasema, "Basi ipeleke Marekani."

Nikaona hapa elimu haisaidii, niingie siasa. Nikapaza sauti kidogo ili foleni nayo inufaike: "Mama, wenye noti hii ndio waliomaliza vita yetu. Picha ya huyu mzee, Trump aliitundika ofisini kwake. Wewe unamkataa?"

Hapo ndipo nilipofungulia mambo. Mzee mmoja mwenye redio kwapani akasema vita iliyoisha ni ile ya redioni, ya kwetu bado haijapata habari. Mama muuza sambaza, wale samaki wadogo, akatua beseni lake katikati ya njia, akauliza kama imeisha mbona yeye analipa ushuru njia nzima toka ziwani. Kijana wa pikipiki akasema huenda imeisha lakini haijashuka bei. Mwingine, huyo alikuwa na tai, akaanza kueleza vipengele: kuna kipengele cha FDLR, wale waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, kuna kipengele cha Rwanda kuondoa hatua zake za ulinzi, kuna mpango mzima wa uchumi. Mama wa sambaza akamkata: "Na madini yako kipengele gani?" Mwenye tai akasema hayo yamo kwenye mpango wa uchumi. "Haya," akasema mama, "hiyo ndiyo itatekelezwa kwanza," akajitwisha beseni lake akaenda.

Mama kambisti alisubiri kelele zipoe. Kisha akanieleza taratibu, kama anayefundisha mtoto, na mimi ndiye mwalimu. "Zamani noti mbovu nilikuwa nazikusanya, nazipeleka benki, wanakata kidogo, wananipa nzuri. Leo benki zimefungwa. Ukinipa hii, mimi nimpe nani? Nikivuka nayo Gisenyi, upande wa Rwanda, wanaikataa. Nikimpa mwenye duka la jumla anaikataa. Itabaki kwangu mpaka nizeeke nayo. Wewe mwambie huyo rafiki yako wa Marekani amalize vita mpaka benki ifunguliwe. Hapo niletee hata noti iliyotafunwa na panya, nitaipokea."

Sikuwa na jibu. Nimesoma makala za wataalamu kuhusu mkataba ule, na hakuna aliyeufafanua hivyo.

Kijana wa pikipiki akanishauri nibandike gundi. Foleni nzima ikamgeukia kwa hofu. Noti yenye gundi hapa ni maiti, haizikiki. Ndipo mama akaniambia, kwa sababu ni mimi, na kwa sababu nilimfundisha mdogo wake mito ya Kongo, atanipa thamani ya dola kumi na sita. Nikajivuta koti. Nikamwambia mwalimu hauzi ishirini kwa kumi na sita. Nikasimama pembeni na heshima yangu, natazama chukudu, zile baiskeli za mbao, zikipita na magunia ya makala, kila moja likipita ni kama linanisalimia. Simu ikalia: mama watoto, anauliza kama nimeenda kununua makala au kuyachoma. Nikarudi mezani. Kumi na sita ilikwisha, sasa ni kumi na nne, kwa sababu wakati nimesimama na heshima yangu, kidonda kimeongezeka. Mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nakipapasa.

Nikapokea. Na hizo franga alizonihesabia! Zimelainika zimekuwa kitambaa. Moja haina pembe, nyingine imeshonwa na plasta ya hospitali, ya tatu namba imefutika unakisia tu kwa rangi. Nikasema, "Mama, na hizi je?" Akasema, "Hizo ni zetu, Mwalimu. Zetu tunajuana."

Mpaka hapo nilikuwa bado nacheka. Kilichonikasirisha ni kwamba narudi nyumbani, naunganisha redio, nakuta Trump anarudia tena: vita ya miaka mingi, watu walikuwa wanakatana kwa mapanga, yeye akaimaliza. Mapanga! Baba, hapa tunarushiwa droni. Mapanga ni ya kukatia majani ya ng'ombe. Anatusimulia sisi wenyewe habari zetu na anazikosea, halafu tumpigie makofi.

Binamu yangu yuko Burundi sasa. Alikuwa Uvira, ana duka la vitenge, ana watoto, ana mama mkwe asiyeweza kutembea. Tarehe 4 walisaini Washington, na hata wino kabla haujakauka mabomu yalikuwa yakilia bonde lote la Ruzizi, Kamanyola, Luvungi, Sange. Tarehe 10 mji ukaanguka mikononi mwa wale wenye bunduki. Alinipigia akiwa njiani kwenda mpakani, sauti za watu nyuma yake, mbuzi wanalia. Akaniuliza, "Prof, si walisaini?" Nikasema walisaini. "Mbele ya kamera?" Mbele ya kamera. "Sasa hii inayolia ni nini?" Nilinyamaza. Akaniuliza tena kama abebe sufuria kubwa au aiache, nikamwambia abebe. Makumi ya maelfu ya watu walivuka pamoja naye, wakalala chini ya miti kwenye mvua, kipindupindu kikawakuta hukohuko. Siku ileile ya tarehe 10, Oslo walikuwa wanatoa Nobel ya Amani.

Nimtendee haki Trump lakini. Wale jamaa walitangaza kwamba watatoka Uvira kwa kuombwa na Washington, na Januari kweli wakatoka. Kwa hiyo simu inapigika. Kama simu moja ilifanya ambacho sahihi zote hazikufanya, kwa nini asipige nyingine? Apige kuhusu benki. Apige kuhusu uwanja wa ndege, na hiyo apige haraka, maana Macron naye alitangaza Paris mwezi wa kumi kwamba utafunguliwa kwa ndege za misaada, na mwenye ufunguo hakuwa Paris.

Ila yeye hana muda, anapokea zawadi. Kesho yake tu baada ya kusaini, tarehe 5 Desemba, wako kwenye droo ya Kombe la Dunia, Infantino, mkuu wa FIFA, akampa medali ya amani ya FIFA. FIFA! Hao ambao nchi yetu ikitaka kucheza mechi ya nyumbani kwanza wanakagua nyasi. Januari, Mama Machado wa Venezuela, mwenye Nobel ya kweli, akampelekea hata medali yake. Wenye zawadi wakasema zawadi haihamishiki. Medali imehama, zawadi imebaki. Hilo nimelirudia mara nyingi na bado sijalielewa.

Na hizo vita nane, kwa macho ya mtu wa ramani, zinaumiza. India inakataa kwamba aliingia kati, Pakistan inamshukuru. Thailand na Kambodia walisaini mbele yake Kuala Lumpur mwezi wa kumi, Desemba wakarudi kupigana. Azerbaijan na Armenia aliwasainisha kweli Ikulu kwake mwezi wa nane, halafu mwezi uliofuata akawaita "Aberbaijan" na Albania. Albania iko Ulaya, inatazamana na Italia! Mwanafunzi wangu akiandika hivyo anarudia mwaka, na baba yake nitamwita.

Ila iliyonikosanisha na watu ni ya Misri na Ethiopia. Ile nayo ameihesabu, na vita haikuwepo. Kuna bwawa, lile kubwa la Mto Nile ya Buluu ambalo Ethiopia ililizindua Septemba 2025, na Misri bado imenuna. Nikaliweka kwenye mtihani wa mwaka wa nne: eleza mgogoro wa bwawa hilo. Mwenzangu wa historia akaja juu, anasema mradi rais wa Marekani ameiita vita, basi ni vita, na vita ni mali ya historia, nimemwibia swali. Nikamwambia maji ni ya jiografia, awe ameyaita nani. Akasema basi tugawane, yeye achukue Misri, mimi nichukue Ethiopia. Nikakataa, mto haukatwi katikati. Tukaenda kwa mkuu wa shule, tukabishana mpaka walinzi wakaja kuona kuna nini. Mkuu akaliangalia swali, akaigeuza karatasi nyuma, akasema tulifute kabisa, mtihani uishie upande mmoja, kwa sababu fotokopi imepanda na yule wa mashine sasa anataka dola, tena dola nzima.