Mrudishieni Nesi Programu Yake

Nilikuwa kwenye kituo kimoja cha afya, sitakitaja, nimeitwa kutengeneza printa. Nesi wa chumba cha kupima presha alikuwa amejaza fomu ya mama mjamzito karibu yote, mara akaitwa kwa dharura leba. Aliporudi akabonyeza "hifadhi", mfumo, ambao siku hizi ni ukurasa wa wavuti ndani ya brauza, ukamwambia aingie upya. Akaingia. Fomu tupu! Wala hakulalamika. Alivuta droo, akatoa daftari, akaandika presha 130/85, uzito kilo 71. "Nitaingiza jioni," akaniambia. Na takwimu zetu nzuri za kwenye makongamano ndiko zinakotoka, kwenye hiyo jioni.

Wataalamu ukiwauliza wanasema ongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Mashine ina GB 4, brauza pekee inakula sehemu kubwa kabla mgonjwa hajaketi. Niongeze kwa pesa ya nani, ya kaunti?

Ninachotaka si muujiza: programu huria inayokaa kwenye kompyuta yenyewe, imeandikwa kwa Qt au GTK (vifaa vya kujengea programu za kompyuta), inayozungumza na seva ya OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, kupitia API, yaani mlango wa programu kuongea na seva, ambao upo tayari. Na tafadhali msiniletee Electron, ile njia ya kugeuza ukurasa wa wavuti kuwa programu. Hiyo ni Chrome iliyovalishwa koti.

Kinachoniuma ni kwamba huko tulishapita. Mwaka 2001 kituo cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, kilikuwa na mfumo wa rekodi uliojengwa kwa Microsoft Access, programu ya hifadhidata inayokaa kwenye kompyuta yenyewe. Mwaka 2004 ikaanza OpenMRS, kazi ya watu wa AMPATH, mpango wa huduma za UKIMWI pale Eldoret, na wenzao wa taasisi ya utafiti ya Regenstrief kule Indiana, Marekani. Access isingeweza kubeba wagonjwa wote wa UKIMWI waliokuwa wakiongezeka, sibishi. Data ilistahili kuhamia kwenye seva. Lakini nani alisema skrini ya nesi nayo ihamie huko?

Tazama anayeingiza data kutwa nzima. Mkono hautaki kuacha kibodi: namba, Tab, namba, Tab, Enter, mgonjwa mwingine. Kwenye brauza anashika mausi, anasubiri kiduara kizunguke, anabonyeza kalenda ndogo kutafuta mwaka 1958, mwezi baada ya mwezi. Programu ya kwenye mashine ingehifadhi kila kisanduku papo hapo kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya ndani ya mashine, kabla hata seva haijajua. Seva ikizimika, kazi inaendelea. Ikirudi, rekodi zinapanda zenyewe. Kila rekodi ya OpenMRS ina UUID yake, namba ya utambulisho isiyojirudia, kwa hiyo kujua ipi imeshapanda si kitendawili. Mtaniambia watu wawili wakihariri mgonjwa mmoja itakuwaje. Jina na namba ya simu, ndiyo, zitagongana. Presha ya leo haigombani na presha ya jana.

Ajabu ni kwamba simu tulizipa haki hiyo. mUzima, programu ya simu ya OpenMRS, inafanya kazi kwenye Android bila mtandao na kusawazisha baadaye. Kompyuta ya mezani, iliyochomekwa ukutani, ndiyo tunaambiwa haiwezi.

Na msiseme hakuna aliyewahi kujaribu. GNU Health ya Luis Falcón, mfumo huria wa hospitali ulioanza 2008, ina programu yake ya GTK mpaka leo.

Haya, nikubali moja, shingo upande: masasisho. Ukurasa wa wavuti unaubadilisha mara moja kwenye seva. Kompyuta arobaini ni safari na mafuta. Ila Ubuntu, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, imekuwa ikijisasisha yenyewe miaka mingi, kwa hiyo tusijifanye ni sayansi ya roketi. Na data iliyo kwenye diski ifichwe kwa nywila, maana kompyuta huibwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haina mzaha.

Kama unajua Qt na unatafuta kazi ya maana, usianze na hospitali nzima, maabara, bima na duka la dawa. Anza na fomu moja: presha, joto, uzito, urefu. Iendeshwe kwa kibodi tu, ihifadhi kabla ya kuulizwa, ifunguke kwenye mashine ya GB 4 huku printa ikichapa. Niandikie, kituo cha kuijaribia ninacho.