Samatta mnamwonea
Mwandishi, kwenye makala yako unasema mshambuliaji wetu Mbwana Samatta "alifeli" Uingereza. Hapo umemwonea, kaka. Kijana wa Mbagala, katoka Simba 2011 kwenda TP Mazembe ya Kongo, mwaka 2015 akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika na ufungaji bora juu, mabao 7. Genk akachukua ubingwa wa Ubelgiji, halafu Novemba 2019 akawatungua Liverpool kwa kichwa palepale kwao Anfield. Mimi usiku ule niliamsha nyumba nzima, mke hajanisamehe mpaka leo. Hata huko Aston Villa ya Uingereza unakokusema, fainali ya Kombe la Ligi Wembley dhidi ya Man City nani aliwafungia lile bao moja? Si yeye? Na Ugiriki akaja kubeba ubingwa na PAOK, hilo hukuandika kabisa.